Maswali ya Wasomaji: Tamko la Mali la Diwani

SWALI: Ndugu Mhariri, katika mtaa wetu hapa jijini Arusha tumebishana sana kuhusu mali za madiwani. Baadhi yetu tunasema kwamba diwani si kiongozi mkubwa kiasi cha kujaza fomu za maadili, na wengine wanasema anajaza na kwamba mwananchi yeyote anaweza kwenda kuiona fomu hiyo. Nani yuko sahihi?
Msomaji, Arusha

JIBU: Ndugu msomaji, waliosema kwamba diwani anajaza wako sahihi. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, Na. 13 ya mwaka 1995, inawataja meya, mwenyekiti, mjumbe na mtendaji mkuu wa mamlaka ya serikali za mitaa miongoni mwa viongozi wa umma, kwa hiyo diwani wa kata ya pembezoni anabanwa na sheria ileile inayombana waziri. Anatakiwa kumpelekea Kamishna wa Maadili tamko la maandishi la mali na madeni yake, ya mwenzi wake wa ndoa, na ya watoto wake walio chini ya miaka 18 ambao hawajaoa wala kuolewa. Hufanya hivyo ndani ya siku 30 tangu aliposhika madaraka, kisha kila mwaka kabla ya 31 Desemba kupita, na tena anapoondoka madarakani. Asipotoa tamko bila sababu ya msingi, au akitoa tamko la uongo huku akijua, amevunja maadili, na shauri lake linaweza kufikishwa mbele ya Baraza la Maadili, chombo cha wajumbe watatu kinachoongozwa na jaji.

Upande wa pili wa ubishi wenu ni mgumu zaidi. Sheria inasema rejesta ya mali za viongozi inaweza kukaguliwa na mwananchi, lakini inaweka masharti: mwananchi awe kwanza amewasilisha malalamiko dhidi ya kiongozi huyo, Kamishna aridhike kwamba malalamiko hayo yana msingi na yametolewa kwa nia njema, kisha mwombaji alipe ada. Kwa maneno mengine, huwezi kwenda kutazama tu.

Kwa maoni yangu, utaratibu huu umepindua mambo. Chukulia kwamba diwani anashinikiza barabara fulani ya vumbi iwekewe lami kabla ya nyingine zote, na wananchi wanataka kujua kama ana viwanja kando ya barabara hiyo. Fomu yake ingejibu swali hilo kwa dakika chache, pengine kwa kumsafisha kabisa, lakini chini ya masharti yaliyopo wananchi wanatakiwa kumlalamikia kabla hawajaona chochote cha kulalamikia. Muungwana anayeogopa kumzushia mwenzake atanyamaza, na mtu mwenye chuki zake ndiye atakayeandika.

Sisi wa Arusha tuna sababu ya pekee ya kulijali jambo hili. Azimio la Arusha, lililotangazwa tarehe 5 Februari 1967, lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni yoyote, kuwa mkurugenzi wa kampuni binafsi, kupokea mishahara miwili au zaidi, na kumiliki nyumba ya kupangisha. Masharti hayo yalilegezwa na chama tawala huko Zanzibar mwaka 1991, na sheria ya mwaka 1995 ikaja na msimamo mwingine: kiongozi awe na mali, ila azitaje. Ikiwa tulikubali kuondoa katazo kwa ahadi kwamba mali zitatajwa, basi ni haki ya waliomchagua kuzisikia zikitajwa, na si kuambiwa tu kwamba zimeandikwa mahali fulani.

Wapo wanaohofia kwamba uwazi utamweka kiongozi na familia yake katika hatari ya wezi na wenye husuda, na hofu hiyo siidharau. Hata hivyo, ina dawa. Katika jimbo la California nchini Marekani, chini ya sheria ya mwaka 1974, meya na madiwani wa miji hujaza fomu ambayo mtu yeyote huweza kuiomba saa za kazi bila kuulizwa jina wala sababu, lakini thamani ya mali huandikwa kwa viwango badala ya kiasi kamili, na nyumba ambayo kiongozi anaitumia kwa makazi yake tu haitajwi. Nasi tungeweza kuanza hivyo, angalau kwa madiwani, kwa sababu maamuzi yao kuhusu viwanja, masoko na stendi yanatugusa moja kwa moja.

SWALI: Ndugu Mhariri, mume wangu amechaguliwa kuwa diwani. Mimi nina duka la jumla na mkopo wa SACCOS, naye amerithi sehemu ya kihamba ambacho ukoo haujakigawa. Je, vyote hivi vinaingia kwenye fomu?
Mama wa watoto watatu, Moshi

JIBU: Mama, duka lako linaingia, na mkopo pia, kwa kuwa sheria inataka madeni sawasawa na mali. Kuhusu kihamba, ushauri wangu ni kwamba mumeo akitaje na aeleze kuwa ni ardhi ya ukoo ambayo haijagawanywa, kwani maafisa wanapokuja kuhakiki mali ni heri wakute maelezo kuliko wakute ukimya. Ofisi ya Kanda ya Kaskazini ya Sekretarieti ya Maadili, chombo kinachoongozwa na Kamishna wa Maadili, iko Arusha, na anaweza kuuliza huko kabla ya kujaza.

Kuna jambo moja hukuliuliza. Siku baraza la madiwani litakapojadili jambo linalogusa biashara yako, tuseme kodi ya vibanda vya soko ambamo una duka, mumeo atatakiwa kutangaza maslahi hayo palepale kikaoni, na asishiriki katika mjadala wala kupiga kura, hata kama duka hilo lilishaandikwa kwenye tamko lake la Desemba.