Maji ya kunywa yasigande ukiwa kwenye baiskeli

Ndugu, umeeleza kwamba huko Minneapolis, Marekani, unakwenda kazini kwa baiskeli kwa muda wa saa nzima, na kwamba katika baridi ya nyuzi 15 chini ya sifuri maji yako hayanyweki tena kabla hujafika nusu ya njia. Ninaifahamu adha hiyo, na ninakusihi usiache kunywa kwa sababu yake, kwa kuwa hewa kavu ya majira hayo huukausha mwili bila mtu kuhisi kiu.

Mara nyingi kinachoganda kwanza ni yale matone yaliyobaki kwenye mdomo wa chupa ya plastiki baada ya kunywa, ambayo hugeuka kizibo cha barafu ilhali chini yake bado kuna maji. Kwa hiyo iache nyumbani chupa hiyo. Tumia themosi ndogo ya chuma yenye mdomo mpana, uisuuze kwanza kwa maji ya moto, kisha uijaze maji ya moto au chai ya tangawizi, uhakikishe haivuji, na uiweke kichwa chini ndani ya begi, maana barafu huanza kutanda juu.

Mfuko wa maji wenye mrija unafaa tu ukivaliwa ndani ya koti, na kila ukishakunywa upulize mrija hadi maji yarudi mfukoni. Chumvi au sukari usiitegemee: kwa kiasi kinachonyweka, hushusha kiwango cha kuganda kwa chini ya nyuzi 1.