Dawa ya ukungu ilivyonilia vinundu vya maharage

Mleta mada ameuliza kama dawa za ukungu tunazopiga kwenye nyanya zinaua bakteria wazuri wa udongoni, na kama zinatufuata mpaka tumboni. Naona wengi wamemjibu "zote sumu, achana nazo". Mkuu, mimi nalima Machame: kahawa na migomba kwenye kihamba (shamba la nyumbani) cha mzee, maharage na nyanya shamba la chini. Masika nisipopiga dawa, bakajani, ule ugonjwa wa ukungu, inafagia nyanya zote. Kuachana nazo si rahisi hivyo.

Nilichojifunza kwa hasara ni kwenye maharage. Nilinunua ile poda ya bakteria wa vinundu, wanaokaa kwenye mizizi na kuvuta naitrojeni ya hewani. Mbegu nikachukua zile nyekundu zilizopakwa dawa ya ukungu. Dukani wakaniambia changanya tu, nikachanganya. Mbegu zikaniishia, nikamalizia mistari mitatu kwa mbegu za nyumbani, poda ileile. Wiki ya sita nikang'oa. Ile mitatu mizizi imejaa vinundu, ukikipasua kimoja ndani chekundu kama nyama, maana yake kinafanya kazi. Kwingine viwili vitatu, vyeupe. Bwana shamba akasoma pakiti ya mbegu, akacheka: dawa iliyopakwa ni thiramu. Hiyo, na mwenzake kaptani, huua bakteria hao palepale kwenye ganda la mbegu. Yaani nimenunua viumbe hai kwa hela yangu nikawapaka sumu kwa mkono wangu.

Kihambani tatizo ni jingine: mrututu, dawa ya ukungu yenye shaba. Mzee aliupiga miaka na miaka kwa ajili ya magonjwa mawili ya kahawa, chulebuni na kutu ya majani. Shaba ni madini, haiozi. Inabaki kwenye udongo wa juu, na udongo ukiwa na tindikali ndiyo inazidi kuwa kali. Chini ya mibuni ya zamani nyungunyungu ni wa kutafuta. Vuka hatua chache kwenye migomba tunakomwaga samadi, wamejaa. Umoja wa Ulaya tangu 2019 wamewawekea wakulima wao kikomo cha kilo 28 za shaba kwa hekta ndani ya miaka 7. Mimi nimehamia miche chotara ya TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa Tanzania, inayostahimili magonjwa yote mawili, na bomba nalishika kwa nadra.

Mankozebu, dawa ya ukungu ya kwenye nyanya, udongoni huvunjika upesi, siyo kama shaba. Kabendazimu, dawa nyingine ya ukungu, siitumii kabisa: inagusa hata kuvu wema wanaoipelekea mizizi fosforasi.

Kuhusu tumbo: panya wa maabara waliolishwa kabendazimu, bakteria wao wa utumbo walivurugika. Nyuki nao, kwa klorothalonili, nayo ni dawa ya ukungu. Ila hao walipewa kwa mpango wa majaribio, huwezi kuchukua matokeo yale ukayaweka kwenye kachumbari yako moja kwa moja. Ninachokijua ni hiki: mankozebu hukaa juu ya ganda, sehemu kubwa inatoka ukiosha vizuri, kabendazimu inaingia ndani ya tunda, haitoki yote hata uoshe na sabuni. Na huku kwetu mtu anapiga Jumatano, Alhamisi gari la mnunuzi limefika, anachuma. Siku za kusubiri zimeandikwa kwenye kibandiko, nani anasoma?

Mkuu, tuwekee hapa jina la dawa yenyewe, lililoandikwa kwa herufi ndogo kwenye pakiti yako, siyo lile kubwa la biashara. Ndipo nitakujibu la shamba lako.