Muulize Shangazi: Aliyenilipia ada naye apewe kadi ya mchango?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni binti wa miaka 24, naishi Tandika na mama yangu. Nimemaliza shahada ya ualimu pale Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu, Chang'ombe, masomo yangu kemia na baiolojia. Baba alifariki nikiwa mwaka wa kwanza. Bodi ya Mikopo ilinisaidia ila haikufunika ada yote, na palipopungua waliingia wanawake wa kikoba cha mama. Walinikopesha miaka mitatu bila riba, na mwaka wa mwisho wakasema nisirudishe. Mama ntilie mmoja jirani na chuo alikuwa akiniandika kwenye daftari bumu, yaani pesa ya kujikimu, likichelewa. Fundi wa maabara alizoea kutuachia nusu saa zaidi turudie majaribio. Na tulikuwa kundi la watu sita, kimbweta kimoja, ile meza ya nje ya kujisomea, tangu mwaka wa kwanza. Wawili wetu walipata sapu ya kemia, yaani mtihani wa marudio, lakini wote sita tumemaliza pamoja.

Sasa mjomba ameunda kamati ya sherehe. Kadi ni 50,000 kwa mtu mmoja na 80,000 kwa wawili, na wanawake wa kikoba nao wamepelekewa. Moyo wangu unakataa ila naogopa kuonekana sina adabu. Nimepewa dakika tano za kutoa shukrani, sijui nimtaje nani nimwache nani. Na sisi sita tumechanga 180,000 tuache kumbukumbu chuoni, wenzangu wanataka kibao cha ukutani chenye majina yetu. Naomba unishauri.
Binti wa Tandika

JIBU: Marahaba mwanangu. Hongera sana, na hongera umfikishie mama kabla hujasoma mstari unaofuata.

Tuanze na kadi, maana hizo zinatembea sasa hivi. Mtu aliyekulipia ada hachangishwi pilau. Moyo wako unakataa jambo ambalo kweli halifai, na kulisema si utovu wa adabu. Adabu iko katika namna utakavyolisema. Usilisemee kwenye kikao cha kamati mbele ya watu. Mjomba ni mtu mzito katika nyumba ambayo baba hayupo, na kamati hiyo ameiunda kwa kukupenda. Nenda kwake asubuhi, wewe na mama, mkiwa na karatasi yenye majina ya wale wanawake, na mbele ya kila jina mwaka aliokusaidia. Mwambie, "Mjomba, hawa walishachanga. Naomba wawe wageni wako wa heshima." Sidhani kama atasoma karatasi hiyo akakataa. Bajeti ikipungua, punguzeni viti au mhame ukumbi mje uani. Nimekula sherehe nyingi za uani Temeke, na watu waliondoka wameshiba.

Kisha kadi zilizokwisha kupelekwa, zifuate wewe mwenyewe. Usitume ujumbe wa simu. Ingia nyumba baada ya nyumba, omba ile kadi ya mchango, umkabidhi mwenye nyumba kadi ya mwaliko. Najua ni kazi ya siku mbili au tatu ukipita vichochoro vyote vile. Ifanye.

Sasa dakika tano. Hapa nina la kusema zaidi, nivumilie.

Nimefanya kazi miaka 27 katika masjala ya chuo kimoja hapa mjini. Kazi yangu ilikuwa mafaili: fomu za usajili, vyeti, barua. Kila mahafali nilikaa chini ya hema la nyuma nikisikia mhitimu mmoja baada ya mwingine akisema, "Nawashukuru wafanyakazi wote wa chuo." Walikuwa vijana wazuri, wala siwalaumu, lakini hata siku moja sikuhisi kwamba ninayetajwa ni mimi. Neno "wote" lilipita juu ya kichwa changu likaenda zake.

Miezi miwili kabla ya kustaafu, akaja mwanamume mmoja amevaa shati la mikono mirefu, ameshika mfuko wa korosho. Akasema ni mwalimu Kilwa. Sikumkumbuka. Akaniambia, "Mama, jina langu kwenye cheti cha kidato cha nne lilikuwa na herufi r, kwenye fomu ya usajili likaandikwa kwa l. Uliliona wewe. Mvua ilikuwa inanyesha, ukalifunika faili kwa kanga ukalipeleka mwenyewe ofisi ya mitihani." Akaeleza kwamba bila hivyo vyeti vyake viwili vingekuwa na majina mawili, na angehangaika na viapo vya kuthibitisha jina siku ya kuomba kazi. Ile kanga niliikumbuka. Miaka yote 27 ikanirudia pale kaunta, nikalia, na wenzangu wakadhani nimeletewa habari ya msiba.

Ndiyo maana nakwambia: usitaje watu wengi, taja walichokifanya. Badala ya kusema "nawashukuru majirani", sema, "Wanawake wa kikoba hiki walikaa Jumapili moja baada ya baba kufariki, wakaamua nisirudi nyumbani." Mama ntilie naye usimpe jina la "mlezi wangu". Sema alikupakulia ubwabwa na maharage akafunga daftari bila kukuuliza utalipa lini. Mambo manne au matano ya namna hiyo yanatosha dakika zako zote. Waliobaki utawafuata walipo.

Lakini kabla ya kumtaja mama ntilie, kalipe daftari. Ukute jina lako, mpige hesabu pamoja, ulipe hadi shilingi ya mwisho, na ukurasa ufutwe mbele yako. Asante inayotolewa jukwaani huku deni liko sokoni inamuumiza anayeisikia. Kiasi cha deni usikitaje ukumbini, hilo ni lako na lake, na mama yako pia atakuwa amekaa pale.

Na yule fundi wa maabara, muulize kwanza. Zile nusu saa alizowaachia, huenda mkuu wake hakuwa na habari. Akisema nitaje, mtaje. Akisema acha, mpelekee asante yake mlangoni pa maabara na iishie hapo.

Kuna jambo jingine la kuweka moyoni unapoandika hotuba yako. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, chuo kikuu cha kwanza cha nchi hii kilifunguliwa Mtaa wa Lumumba, ndani ya jengo la TANU. Nacho kilikuwa kishiriki kama chako, mzazi wake Chuo Kikuu cha London. Kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi hawakufika 20. Mlimani kilihamia 1964, na 1970 ndipo kikasimama peke yake kama Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ukiipata ile noti ya zamani ya 500 yenye sura ya Mzee Karume, ambayo sasa haitumiki tena, igeuze: nyuma kuna Ukumbi wa Nkrumah na wahitimu wake. Nchi iliona mahafali ni jambo la kuchorwa kwenye pesa aliyoishika kila mtu, hata ambaye hajawahi kukanyaga darasa.

Miaka ileile ya 1960 Mwalimu Nyerere alitumia mfano ambao wazee wetu walikuwa wakiturudishia kila tulipofunga shule. Kijiji kina njaa, wanakusanya chakula chote kilichobaki wanampa mtu mmoja, apate nguvu ya kwenda mbali kuwaletea chakula. Akila kisha asirudi, huyo ni msaliti. Niliposoma barua yako nikaona kwamba kwako huo hata si mfano. Chakula kilikuwa chakula kweli, kimeandikwa kwenye daftari.

Na wako uliokula kwao usiowajua. Chuo chako kilianzishwa 2005 katika uwanja wa kilichokuwa chuo cha ualimu Chang'ombe, wakati nchi ikitafuta walimu wa sekondari kwa haraka. Bodi ya Mikopo nayo ilianza kazi mwaka huohuo. Umesomeshwa kwa pesa ya umma kwa sababu mahali fulani mtoto wa shule ya kata anajifunza kemia bila mwalimu. Ukiajiriwa utakatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi. Nimewasikia vijana wengi wakiulaani mkato huo, na najua mshahara wa kuanzia unavyobana. Lakini pesa hiyo ndiyo anayokopeshwa binti mwingine anayeingia mwaka wa kwanza. Wewe ilikukuta umefiwa na baba.

Tuje kwenye kibao. Sikipendi, nasema wazi. Kibao chenye majina sita kitawaeleza wapita njia kwamba mlikuwepo. Hakitawaeleza lile kubwa mlilolifanya, nalo kwenye barua yako umelipitia kwa sentensi moja tu: wawili walipata sapu, na wote sita mmemaliza. Hebu tusimame hapo. Nimeona makundi mengi ya kusoma pamoja yakivunjika siku matokeo yanapotoka. Waliofaulu wanapanda basi kwenda kwao, aliyefeli anabaki peke yake na vitabu. Ninyi hamkuachana. Sijui nani alikatisha likizo yake wala nani alibeba chupa ya chai, lakini najua sapu ya kemia haivukwi kwa kuombewa tu. Hiyo ndiyo sifa ya chuo chenu, kuliko orodha yoyote ya madaraja.

Basi acheni kitu kinachofanana na hilo. Makoti ya maabara. Kila mwaka anaingia mwanafunzi wa sayansi asiye na koti, anasubiri mwenzake atoke ndipo aazime. Mnayo sita ambayo hamtayahitaji kesho. Yafueni, mpige pasi, mshone vifungo vilivyong'oka. Ile 180,000 iende kwa fundi cherehani awashonee mengine kadiri itakavyofika. Muulizeni mshauri wa wanafunzi namna ya kuyakabidhi ili yasiishie kabatini. Mkitaka majina yenu yabaki, yaandikeni kwa kalamu ndani ya kola.

Na kwa kuwa ajira huenda ikachukua miezi, kuna Jumamosi nyingi mbele yenu. Rudini kwenye kimbweta chenu, wawili wawili kwa zamu, mkae na wa mwaka wa kwanza wanaohangaika na kemia. Siku ya Simba na Yanga msiende, maana kwa kelele za uwanja ule hapo jirani hakuna atakayesikia mlinganyo.

Mwisho, joho. Linakodishwa na lina siku ya kurudishwa. Usilirudishe jioni ya mahafali kama wengi wanavyofanya. Kesho yake livae, utoke na mama asubuhi, mpite kwa mama ntilie kabla wateja hawajajaa, kisha nyumba za wale wanawake moja moja.

SWALI: Shangazi, asalaam aleikum. Mimi ni mwenyekiti wa kikoba cha wanawake 22 hapa Mbagala. Tulimsaidia kijana wa mwenzetu ada ya chuo, na mwezi huu amehitimu. Wanachama wanataka tushone sare na kupiga picha naye. Mimi naona tutaonekana tunamsimanga kwa msaada wetu. Tufanye au tuache?
Mama wa Kikoba

JIBU: Waaleikum salaam, mwenyekiti. Fanyeni. Kusimanga ni kumkumbusha mtu msaada siku amekuudhi. Kufurahi naye siku ya furaha yake ni haki yenu, na mama yake ni mwanachama, kwa hiyo shughuli hii ni yenu kama ilivyo yake.

Sare sawa, ila isipite uwezo wa mwanachama mwenye kipato cha chini kuliko wote. Vitenge vya bei ya wastani vinapendeza. Mwacheni mama yake achague rangi. Hotuba za nani alitoa kiasi gani zisiwepo. Nawaomba jambo moja: kwenye daftari la kikoba, chini ya hesabu za mwezi huu, katibu aandike jina la kijana, chuo chake, shahada yake na tarehe, kisha nyote 22 mtie sahihi, na asiyejua kuandika aweke dole gumba. Halafu mwulizeni kijana leo hii kama joho bado analo.