Kuhusu lile swali lako la Althea Gibson

Mwanangu,

Natumai huko Eldoret baridi imepungua. Meseji yako ya Jumapili nimeisoma mara tatu, ya tatu nikiwa na miwani. Unauliza kama "yule Althea wako" alikosea kuacha tenisi akaenda gofu na hakushinda hata kombe moja. Ati wangu! Sawa tu, nimewaimbia jina hilo tangu mkiwa nasari, wacha nijibu.

Kwanza tuelewane aliacha nini. 1957 na 1958 amechukua Wimbledon kule Uingereza, mweusi wa kwanza kushinda pale, Malkia Elizabeth mwenyewe akamkabidhi, na ubingwa wa Marekani miaka hiyo hiyo miwili. Pesa? Sufuri. Tenisi ya wakati huo ilikuwa ya ridhaa, unashinda unapigiwa makofi, basi. Mwenyewe alisema taji haliliwi. Akaimba akatoa santuri, akaigiza filamu, akazunguka na Harlem Globetrotters, ile timu ya basketiboli ya maonyesho, akicheza tenisi kabla ya basketiboli kuanza, bingwa wa dunia huyo, watu wanatafuta viti vyao na yeye anapiga mpira. Ndio akashika gofu. 1964 akaingia LPGA, mwanamke mweusi wa kwanza kwa ile ziara ya wanawake wa kulipwa, na ana miaka 37, na wenzake wengi walishika fimbo wakiwa wasichana. Mimi husema na nitasema tena, anayeanza akiwa amechelewa hashindani na watu, anashindana na saa.

Na kuna vilabu vya gofu vilimkubalia nyasi vikamkatalia mlango, anabadilisha viatu ndani ya gari. Hapo kwa viatu huwa nakwama kila nikisimulia, mama yako anajua, anainuka anaenda kuangalia chai. Kwa sababu sisi makedi tulikuwa tunajua veranda ya klabu kwa kuiona tu. Unabeba begi la mtu mashimo 18, unamwambia upepo unatoka wapi, unamtafutia mpira kwa majani marefu, halafu yeye anaingia ndani na wewe unazunguka nyuma ya stoo kula mkate na soda. Huko stoo ndiko nilikookota gazeti kuukuu lenye picha ya Althea na fimbo, sikulirudisha.

Sasa hii ya baiskeli hujawahi kuisikia yote, unasikia tu tukitaniwa. Jumatatu ilikuwa siku yetu makedi ya kucheza, na mwaka huo klabu ikaweka shindano la makedi, zawadi baiskeli mpya, nyeusi, imeegemezwa kwa mti tuione tukipita. Tukafika shimo la mwisho mimi na mwenzangu mmoja tuko sawa. Yeye akamaliza. Mimi nimebaki na futi tatu, mwanangu futi tatu ni kutoka pale unapoketi ukija hadi mlangoni pa jikoni kwetu. Na katikati ya njia kuna ua la jakaranda, moja, bado bichi. Sheria inaruhusu kuliondoa! Nimewaondolea wakubwa maua na majani maelfu, ndio kazi yangu. Lakini siku hio watu wamesimama wanatazama, nikaona nikiinama wataniona najifanya mchezaji. Nikapiga hivyo hivyo. Mpira ukaligusa ua, ukapinda kidogo tu, ukabusu mdomo wa shimo ukakaa nje.

Mama yako anasema halikuwa ua, ulikuwa mkono kutetemeka. Pengine. Siku zingine nakubaliana naye, halafu mwezi wa kumi jakaranda zinachanua na nakataa tena.

Kwa hivyo ukiniuliza kama Althea alikosea, mimi namuona 1970 kule Columbus, Ohio, miaka sita kwa ziara, amemaliza sawa na wengine kileleni, wanaenda mashimo ya ziada kuvunja sare, na anashindwa. Hapo ndipo alipofika karibu zaidi. Alicheza mashindano 171, na pesa zote za gofu hazikufika dola 25,000 hadi anaacha 1978. Kwa hesabu za benki yako hio ni hasara, sibishi. Uzeeni hela zilimwishia kabisa, ni yule waliyekuwa wakicheza tenisi wawili wawili, Angela Buxton, aliyewaomba watu wa tenisi wamchangie, wakachanga. Watu wa tenisi, ona sasa, sio wa gofu. Hapo najibishana mwenyewe maana inaonekana nakusaidia useme alikosea. Lakini yeye aliinama akaliondoa ua kila wiki mbele ya watu waliokuwa hawamtaki hata kwa mlango. Mimi sikuinama hata mara moja na baiskeli haikuwa yangu wala jibu sina.

Najua si Althea unauliza. Nasikia kuna kozi ya unesi na najua utafika 37 mwezi wa nane, dada yako hana siri. Mama yako amenikataza kusema uache benki au ukae, na nimemuahidi, kwa hivyo sisemi, ingawa ninalo la kusema limenijaa mdomoni kama ugali moto.

Ile fomu ya chuo inafungwa lini kwani? Nauliza tu.

Baba