Usingizi wa alfajiri kwenye usukani

Kaka, umesema una miezi mitatu kwenye lori la masafa marefu, na kila ikikaribia saa kumi alfajiri macho yanakuwa mazito hata ukishusha kioo na kuongeza sauti ya redio. Kioo na redio havitakusaidia. Kati ya saa nane usiku na saa kumi na moja alfajiri mwili wenyewe unadai kulala, hata wa dereva mzoefu. Ukisinzia sekunde 4 tu kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, lori limeshakwenda karibu mita 90 bila dereva. Hilo ndilo linalonitia hofu kwa ajili yako.

Ukianza kupiga miayo mfululizo, au ukishindwa kukumbuka kipande cha barabara ulichotoka kupita, egesha mahali salama. Kunywa kahawa, kisha lala papo hapo dakika 20. Kahawa itaanza kufanya kazi wakati unaamka. Usiondoke mara tu unapofumbua macho. Shuka, zunguka lori, kagua matairi na kamba za mzigo. Lakini kahawa na usingizi huo mfupi ni vya kukuvusha tu, deni la usingizi hulipwa kwa usingizi. Bosi akikuharakisha, mpigie ukiwa umeegesha, umwambie wazi kwamba utachelewa.