Barua kwa mwanangu: usisubiri mchujo ndipo uhame chama

Mwanangu,

Nimepata ujumbe wako. Unataka kuwania udiwani 2027, unahofia tiketi imeshatengewa mtu mwingine, na unauliza kama uende mchujo wa chama kwanza, kisha ukidhulumiwa ndipo ujitangaze mgombea huru. Inawezekana, lakini muda ni mfinyu mno. Mimi ningekushauri uamue mapema.

Kifungu cha 85 cha Katiba ya Kenya kinasema mgombea huru asiwe mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya siku ya uchaguzi. Uchaguzi ni Jumanne ya pili ya Agosti, yaani tarehe 10 Agosti 2027. Kufika mapema Mei lazima uwe umeshatoka. Sasa kumbuka mwaka 2022 mchujo ulifanyika Aprili. Aliyeshindwa alibaki na siku chache za kuchagua: akate rufaa ndani ya chama, kisha aende kwa jopo la mizozo ya vyama, PPDT, au ajiuzulu. Yote mawili hayaendi pamoja, maana huwezi kudai tiketi ya chama ambacho umeshakiaga. Wengi hupotelea hapo: kesi inaamuliwa Mei ikiendelea, na mlango wa pili umefungwa. Kuhamia chama kingine usikuhesabu kabisa, kwa sababu orodha za wanachama huwa zimefika kwa tume ya uchaguzi, IEBC, kabla ya mchujo.

Kujiuzulu kwenyewe ni karatasi. Kutangaza kwenye redio au kuchoma kofia ya chama mbele ya kamera hakukusaidii mbele ya IEBC. Andika barua fupi yenye jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, nambari ya kitambulisho na tarehe. Ipeleke ofisi ya chama na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Kujiuzulu huanza pale barua inapopokelewa, kwa hiyo muhuri huo ndio ushahidi wako. Makarani wa vyama wana tabia ya kusema "mkubwa hayuko, rudi kesho". Wakikuzungusha, itume pia kwa barua pepe na posta ya rejista. Msajili wa Vyama anapaswa kujulishwa ndani ya siku saba. Wewe mwenyewe mpelekee nakala, usikiachie chama.

Halafu hakikisha kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwamba hujaandikishwa chama chochote. Mwaka 2021 Wakenya wengi walijikuta wameandikishwa katika vyama wasivyovijua. Unaweza kutoka chama kimoja kumbe jina lako liko kwingine, na mpinzani wako akaligundua kabla yako.

Kwa wadi unahitaji wapiga kura 500 wa kukuunga mkono (mbunge ni 1,000). Kusanya 700 au zaidi, kwa sababu majina hukatwa: huyu ameandikishwa wadi jirani, yule tarakimu moja ya kitambulisho imekosewa, mwingine ametia sahihi mara mbili, na kuna karatasi ambayo sahihi kumi zimeandikwa na mkono mmoja. Hiyo ya mwisho ni hatari, inatia shaka orodha nzima. Wape vijana wako karatasi chache chache na uzikague kila jioni.

Alama yako ya kwenye karatasi ya kura ifike IEBC siku 21 kabla ya siku ya uteuzi, yaani siku IEBC inapopokea wagombea. Chagua kitu kinachotajika kwa neno moja na kisichofanana na alama ya chama.

Wafuasi wako hawahitaji kurudisha kadi za chama ili wakupigie kura. Sajili ya wapiga kura haina chama, na kura ni ya siri. Usipoteze nguvu ukiwashawishi wahame.

Pesa ndizo zitakuuma. Hazina ya Vyama vya Kisiasa haimpi mgombea huru hata ndururu, na mawakala wa kukulindia kura ni juu yako. Kituo kimoja hakizidi wapiga kura 700, hivyo wadi ya wapiga kura 14,000 ina vituo visivyopungua 20. Weka wakala kila kituo, alishwe, na asiondoke bila nakala ya Fomu 36A, ile ya matokeo ya kituo.

Ukishinda, usijiandikishe chama chochote hadi muhula uishe. Ukijiandikisha, kwa Kifungu cha 194 cha Katiba kiti kinakuwa wazi. Kufanya kazi na upande fulani bungeni ni sawa, kadi ndiyo mwiko. Na ujue utakuwa peke yako kwenye mgao wa nafasi za kamati. Kawira Mwangaza alichaguliwa gavana wa Meru 2022 bila chama, akakumbana na bunge la kaunti lililopiga kura ya kumtimua mara kadhaa, hadi Seneti ikapiga kura ya kumwondoa Agosti 2024. Ukishakula kiapo, anza kutafuta madiwani watatu wanne wa kuunga hoja zako, hata kama walikupinga kwenye kampeni.

Nijibu ukishaangalia jina lako kwenye eCitizen.

Babako