Bajeti ikibana, tukate nini: bustani, sanaa au tamasha?

Ndugu, umeuliza jiji likiishiwa pesa lianze kukata wapi. Ningeanza na tamasha, ila si kulifuta. Kinachomeza fedha pale ni jukwaa kubwa, spika, jenereta, vyoo vya kukodi na ulinzi. Ondoeni jukwaa, fungeni barabara chache, wasanii wapige ngoma zao papo hapo chini. Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, ilianza kufunga barabara magari yasipite mwaka 1974, na leo kila Jumapili zaidi ya kilomita 100 huachiwa baiskeli na watembea kwa miguu. Lami ilikuwepo tayari!

Sanaa itafutieni fungu ndani ya ujenzi. Jiji la Philadelphia, Marekani, lilifanya hivyo 1959: asilimia 1 ya gharama za majengo ya umma ikatengwa kwa sanaa.

Bustani, tafadhali, msiguse fedha za matengenezo. Taa ikiungua na benchi likang'oka bila mtu kushughulika, wazazi wenye watoto huacha kuja, na kuwarudisha ni kazi ghali kuliko balbu. Kama kuna mpango wa bustani mpya, ahirisheni hadi ijulikane nani atamlipa mtunza bustani baada ya uzinduzi.